Kusoma karata za taroti: mwongozo kamili kwa anayeanza

Wengi wanaoanza taroti, yaani pakiti ya karata 78 za picha zinazotumiwa kubashiri, hufungua kijitabu kilichomo ndani ya boksi, huanza kukariri maana 78, na kufikia wiki ya pili wamechoka. Njia hiyo inachosha, tena inapotosha, kwa sababu karata moja haina maana moja. Picha ya mtu aliyejiinamia mbele ya vikombe vilivyomwagika inasema jambo moja ukiwa umeuliza kuhusu ndoa, na jingine kabisa ukiwa umeuliza kuhusu deni. Vinavyosomwa ni vitu vitatu kwa pamoja: swali, nafasi ambayo karata imeangukia, na picha yenyewe.

Kabla ya hatua ya kwanza, liondoke wazo kwamba taroti ni siri ya kale ambayo lazima urithishwe. Ilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 ikiwa mchezo wa karata. Baadhi ya pakiti za zamani zaidi zilizobaki zilichorwa kwa mkono kwa ajili ya watawala wa Milan, koo za Visconti na Sforza. Ufaransa mchezo huo unachezwa hadi leo. Matumizi ya kubashiri yalikuja kushika kasi Paris karne ya 18. Mwaka 1781 Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba karata hizi zimebeba hekima ya Misri ya kale. Aliyasema hayo miaka 41 kabla ya msomi Mfaransa Champollion kutangaza jinsi maandishi ya Misri yanavyosomwa, bila ushahidi wowote, na dai lake linarudiwa mpaka sasa. Maana utakazokuta vitabuni ziliandikwa na watu, wengi wao katika karne mbili na ushee zilizopita, na watu hao hawakubaliani wao kwa wao. Kwa anayeanza hiyo ni nafuu kubwa: una haki ya kuitazama picha na kusema unachokiona.

Pakiti ya kuanzia

Anza na Rider-Waite-Smith, iliyotoka London mwaka 1909. Arthur Edward Waite ndiye aliyeisimamia, Pamela Colman Smith akaichora. Ubora wake kwa mwanafunzi ni kwamba Smith alichora tukio kamili kwenye kila karata, hata zile za namba. Kwenye taroti ya Marseille, pakiti ya zamani ya Kifaransa, karata ya vikombe vitano ni vikombe vitano vilivyopangwa kwa urembo na hakuna zaidi. Kwa Smith kuna mtu, joho jeusi, mto, daraja na nyumba ng'ambo. Una cha kusoma tangu siku ya kwanza. Isitoshe, mafunzo mengi utakayoyapata yanazungumzia picha hizo hizo au nyingine zilizoiga kutoka kwake.

Ukinunua, hesabu. Karata kuu ni 22, zenye namba kuanzia 0 hadi XXI. Karata ndogo ni 56, yaani jamii nne zenye karata 14 kila moja. Ukikuta moja au mbili za ziada zenye tangazo la mchapishaji, zitoe. Kipimo cha kawaida ni milimita 70 kwa 120. Pakiti za bandia hujulikana kwa rangi zilizofifia, majina yaliyokatwa ukingoni, na migongo isiyofanana. Hilo la migongo ndilo baya kuliko yote, maana baada ya siku chache utakuwa unazitambua karata kabla hujazigeuza.

Kama pakiti haipatikani ulipo, chapisha yako. Smith alifariki mwaka 1951, kwa hiyo katika nchi ambako hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha msanii, Uingereza ikiwemo, picha za awali sasa ni huru kutumika. Matoleo yaliyopakwa rangi upya baadaye huwa na wenyewe. Punguza kila picha hadi milimita 63 kwa 108 ili karata sita zikae kwenye karatasi moja ya A4 na ukingo ubaki. Zote 78 zitaingia kwenye karatasi 13 kamili. Tumia karatasi nzito ya gramu 300, mgongo uache mweupe. Karatasi nyepesi wino unaweza kuonekana upande wa pili. Usizipake plastiki ya moto kama vitambulisho, kwa kuwa kingo huwa nene, karata huteleza, na kuzichanga kunakuwa adhabu.

Kitambaa cha kutandika kinasaidia kulinda kingo. Ubani, mishumaa, kulalia karata chini ya mto, sharti la kupewa pakiti kama zawadi: hayo fanya ukipenda, usomaji haubadiliki.

Mifupa ya pakiti

Aliyewahi kucheza karata, Pwani au bara, anazijua jamii zote nne. Kopa, shupaza, pau na uru ni majina yaliyokuja na Wareno, na kwenye karata zao yalikuwa vikombe, panga, magongo na sarafu za dhahabu, ambazo ndizo zilizochorwa kwenye taroti. Basi tumia majina hayo hayo. Kopa ni hisia na mahusiano. Shupaza ni fikra, maneno, ugomvi na maamuzi yanayokata. Pau ni ari, kazi inayotoka moyoni na mwanzo wa mambo. Kwenye picha za Smith magongo yana majani mabichi, yaani bado yanaota. Uru ni fedha, mwili, nyumba na kazi za mikono.

Namba zina mwendo wake, nao ukiujua hulazimiki kukariri karata 40. Moja, yaani ree, ni mbegu. Mbili ni jozi au njia panda. Tatu ni kitu kuanza kukua mbele ya wengine, nne kutulia, tano kutikisika. Sita ni kurekebisha na kupeana, saba kupima, nane kusogea au kuongeza juhudi, tisa kukaribia kujaa, kumi kufika mwisho au kulemewa. Unganisha jamii na namba kisha thibitisha kwa macho. Uru 5: mali kutikisika, na kweli picha inaonyesha mafukara wawili wakipita kwenye theluji nje ya dirisha la kanisa lenye mwanga. Pau 10: kazi iliyojaa kupita kiasi, na pale kuna mtu amepinda mgongo akibeba magongo kumi kuelekea mjini. Picha ikipingana na hesabu yako, ifuate picha.

Watu wanne wa kila jamii ni Tarishi, Mpanda Farasi, Malkia na Mfalme. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, kwa kuwa hutafuta mtu mwenye sura inayofanana. Achana na sura. Tarishi anajifunza au analeta habari, Mpanda Farasi anakimbilia jambo, Malkia analitunza, Mfalme analiamulia. Tarishi wa Uru akitokea kwenye swali la biashara, anaweza kuwa muulizaji mwenyewe aliye mwanafunzi wa jambo hilo, hata kama ana umri wa miaka 60.

Karata kuu 22 zisome kwa mfuatano, kuanzia Juha mwenye namba 0 anayekanyaga ukingo wa jabali, hadi Ulimwengu wenye namba XXI. Tumia siku moja kuzitandaza zote sakafuni kwa safu tatu za saba, Juha akiwa peke yake juu. Safu ya kwanza ina watu wa mamlaka na malezi, ya pili ina majaribu ya ndani, ya tatu ina nguvu zinazomzidi mtu: Ibilisi, Mnara, Nyota, Mwezi, Jua. Ukikuta toleo ambalo Nguvu ni XI na Haki ni VIII, halijakosewa. Kwenye pakiti ya Waite zimebadilishana nafasi, na mfuatano wa Marseille ndio wa zamani.

Mwezi wa kwanza: karata moja kwa siku

Asubuhi vuta karata moja. Usifungue kijitabu. Itazame kwa dakika mbili nzima na uandike daftarini: ni nani, anafanya nini, anatazama wapi, nini kiko nyuma yake, hali ya hewa ikoje. Halafu chagua kitenzi kimoja kinachobeba picha. Baada ya hapo ndipo usome kijitabu, na uandike kwa kalamu ya rangi nyingine kile kilichokupita.

Chukua Kopa 5. Mtu wa joho jeusi ameinamisha kichwa, vikombe vitatu vimemwagika mbele yake. Wengi husimama hapo na kuandika huzuni. Endelea kutazama: vikombe viwili vimesimama nyuma yake na hajavigeukia, mto upo, lakini daraja pia lipo. Kitenzi chake ni kuomboleza huku umekipa mgongo kilichobaki. Ukishaiona hivyo hutaisahau, wala hutahitaji kitabu.

Jioni andika mistari miwili: kilichoendana na siku yako, na kisichoendana. Huo mstari wa pili usiuruke. Akili ya binadamu ni hodari wa kutafuta ulinganifu baada ya tukio, na bila rekodi ya asubuhi utajiaminisha kwamba kila karata ilitimia.

Swali

Usomaji mbovu mara nyingi umeharibikia kwenye swali kabla karata haijaguswa. “Je, nitapata kazi?” linataka ndiyo au hapana, na picha haina ndiyo wala hapana. “Ananiwazia nini?” linakupeleka ndani ya kichwa cha mtu asiyekuwepo. Geuza swali mpaka jibu lake liwe kitu ambacho muulizaji anaweza kukifanya: “Nirekebishe nini katika namna ninavyoomba kazi?” au “Nini nisichokiona katika ugomvi wangu na dada?” Liandike. Swali lisiloandikwa hubadilika lenyewe katikati ya usomaji, nawe unajikuta unajibu swali rahisi kuliko lile uliloulizwa.

Kuchanga

Pakiti mpya hutoka kiwandani ikiwa imepangwa kwa mfululizo. Ukiichanga mara mbili tatu kwa kuhamisha vifungu mkono hadi mkono, karata zilizokuwa jirani zitabaki jirani. Utaona Kopa 6, 7 na 8 zimetoka pamoja na kudhani ni ujumbe mzito, kumbe ni uchangaji hafifu. Mara ya kwanza zimwage zote kifudifudi kwenye mkeka au meza na uzikoroge kwa mikono miwili kwa dakika mbili. Baadaye, kama unaweza kuzigawa nusu mbili na kuziachia ziingiane, fanya hivyo mara tisa. Utafiti wa wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis wa mwaka 1992 ulionyesha mara saba zinatosha kwa karata 52. Taroti ni nene zaidi, kwa hiyo ongeza.

Kukoroga kunapindua baadhi ya karata kichwa chini. Kwa miezi mitatu ya kwanza, karata ikitoka kichwa chini igeuze iwe wima na uisome kawaida. Ukizisoma zilizopinduka mapema umejiongezea maana 78 kabla hujazimudu zile za kwanza. Ukiwa tayari, chagua kanuni moja, kwa mfano kwamba iliyopinduka ni nguvu ile ile iliyochelewa au iliyozuiwa, na usiibadilishe kila karata inapokuwa haikupendezi.

Karata tatu

Huu ndio mpangilio wa kukaa nao muda mrefu. Karata tatu kwa mpangilio zinatoka kwa njia 456,456, kwa hiyo usihofu kwamba utaumaliza. Taja nafasi kabla ya kuvuta na uziandike. “Jana, leo, kesho” ni maarufu lakini huzaa utabiri mwepesi. Bora: hali ilivyo, kikwazo, hatua.

Tuseme mwenye duka la nguo anauliza: “Nizingatie nini kabla ya kufungua duka la pili?” Zinatoka Uru 2, Kopa 4, Uru 3. Zigeuze zote kwanza na ukae kimya. Tazama kwa ujumla: uru mbili kati ya tatu, hakuna karata kuu. Jambo ni la fedha na utendaji, na liko mikononi mwake.

Hali ilivyo, Uru 2: kijana anachezesha sarafu mbili zilizofungwa kwa utepe mmoja, nyuma yake meli zinapanda na kushuka kwenye mawimbi makubwa. Duka la pili halijafunguliwa, lakini tayari anacheza na mifuko miwili, na bahari haijatulia. Muulize: fedha ya duka na ya nyumbani zinachanganyika? Kikwazo, Kopa 4: mtu amekaa chini ya mti amekunja mikono, vikombe vitatu mbele yake, na mkono kutoka wingu unampa cha nne ambacho hakitazami. Hapa pana njia mbili. Labda amelichoka duka la kwanza, na duka la pili ni la kukimbia uchovu. Au kuna ofa au msaada ameupuuza. Usichague kwa niaba yake. Mweleze picha na umwache aseme. Hatua, Uru 3: fundi yuko juu ya benchi kanisani, mbele yake wapo wawili na ramani ya kazi. Anayekariri atasema “mafanikio”. Picha inasema fundi hafanyi peke yake na ramani imeshachorwa: mpango wa maandishi, watu wenye ujuzi wa kuukagua, kisha ujenzi.

Funga kwa sentensi moja inayounganisha zote: “Tenganisha fedha kwanza, jiulize kama unapanuka au unakimbia, na usianze bila mpango uliokaguliwa na wengine.” Usipoweza kuunda sentensi hiyo, bado umesoma karata tatu kila moja kivyake. Rudi utazame watu kwenye picha wanaelekea wapi, nani anamtazama nani, nani amempa nani mgongo. Mara nyingi kiungo kiko hapo.

Karata ya nne “ya kufafanua” ni mtego. Ya tatu ikiwa ngumu, ya nne haiitatui, inaihamisha tu. Kaa na ile ngumu kwa dakika tano zaidi.

Karata zinazotisha

Kifo, namba XIII, ni kiunzi cha mifupa juu ya farasi mweupe. Mfalme ameshaanguka, askofu amesimama mbele yake, na mbali jua linaonekana kati ya minara miwili. Isome kama jambo lililofika mwisho ambalo cheo hakiwezi kulizuia. Kamwe usiisome kama kifo cha mtu. Mnara ni jengo lililopigwa na radi, taji limeruka: kitu kilichojengwa juu ya uongo kinaporomoka, na ni haraka. Shupaza 10 ni mtu amelala na panga kumi mgongoni, huku upeo wa macho una mwanga wa alfajiri. Shupaza 9, mtu aliyeketi kitandani ameziba uso, mara nyingi ni hofu ya usiku iliyozidi ukubwa wa tatizo. Usizilainishe mpaka zipoteze ukali, lakini usimwache mtu bila kumwonyesha pia sehemu ya picha yenye njia.

Msalaba wa Kiselti

Uingie ukishasoma mipangilio ya karata tatu kama thelathini. Mpangilio huu una nafasi kumi: ya kwanza katikati ni jambo lenyewe; ya pili, iliyolala juu yake, ni kinachokatiza; ya tatu juu ni lengo; ya nne chini ni msingi; ya tano nyuma ni kinachopita; ya sita mbele ni kinachokuja. Kisha safu ya karata nne upande wa kulia, kutoka chini kwenda juu: muulizaji, mazingira yake, matumaini na hofu, mwelekeo. Walimu hutofautiana kwenye mfuatano wa ya tatu hadi ya sita, shika mmoja. Soma kwa jozi: msingi na lengo, kinachopita na kinachokuja, hofu na mwelekeo.

Utasikia kwamba karata kuu tatu kati ya kumi ni ishara kubwa. Hapana. Kwa kuwa ni 22 kati ya 78, wastani wa karata kumi ni karibu tatu. Zikifika tano au sita ndipo pa kusema kitu. Vivyo hivyo karata za watu: mbili kati ya kumi ni kawaida.

Kumsomea mtu mwingine

Dini nyingi, Uislamu na Ukristo zikiwemo kwa mafundisho ya wengi, zinakataza kubashiri. Usimshawishi mtu anayesita. Anayekubali mweleze mapema kwamba unasoma picha na kumsaidia kufikiri, huoni yajayo.

Maswali fulani yakatae waziwazi: ugonjwa, mimba, nani kaiba, nani amemroga. Mgonjwa aende hospitali. Na jina la mtu lisitoke kinywani mwako. Kumtaja jirani kwa uchawi kunaweza kumletea madhara yasiyorekebishika, na sheria za Kenya na Tanzania zinalihesabu kosa. Ukilipwa, taja kiasi kabla ya kuanza na kisiongezeke. Anayeanza kudai fedha za “kuondoa nuksi” iliyoonekana kwenye karata ni tapeli, hata kama anazijua karata zote.

Tenga dakika 30. Zungumza kidogo, uliza zaidi, na mwisho mwache muulizaji aseme kwa maneno yake alichokisikia, kwa sababu mara nyingi kinatofautiana na ulichosema. Upige picha mpangilio na uandike tarehe na swali. Akirudi kesho yake na swali lile lile, mfungulie picha hiyo badala ya kuchanga upya, na mwulize ni hatua gani kati ya zile ameshaijaribu.